Gari Lililotengenezwa Mno

Ukinunua Peugeot 504 leo, unanunua gari lililotoka kiwandani, na juu yake unanunua kazi ya kila fundi aliyewahi kulifungua boneti. Aliyekata waya akauunga kwa utepe, umemnunua. Aliyeng'oa thamostati akaitupa, umemnunua. Aliyebana hozi kwa kipande cha seng'enge akisema "itakufikisha Voi", naye umemnunua, ingawa Voi aliyoikusudia ni ya miaka ishirini iliyopita. La kwangu ni steshen wagoni la mwaka 1982, na nililichukua nikitaka kulitumia, si kuliegesha liangaliwe. Kabla ya kulifanya lifae barabara za sasa ilinibidi kwanza nijue lilikuwa gari gani kabla halijaokolewa mara nyingi kiasi kile.

Kwa watu wa Kenya wa umri wangu 504 halihitaji utambulisho. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likatwaa taji la Gari la Mwaka la Ulaya. Huku kwetu heshima yake haikutokana na taji hilo. Ilitokana na Safari Rally, aliposhinda nalo Ove Andersson mwaka 1975, kisha Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 kwa 504 Coupé yenye injini ya V6. Mtangulizi wake, 404, alikuwa ameshalizoesha jina la Peugeot ushindi: 1963, 1966, 1967 na 1968, na miaka miwili kati ya hiyo dereva alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam. Magari mengi yaliyouzwa kwetu yaliunganishwa hapahapa Mombasa. Kwa abiria wa miaka ya sabini na themanini, "Pijo" ilikuwa ndiyo safari yenyewe: safu tatu za viti, gia kwenye usukani, keria imejaa magunia na kuku, na dereva haondoki mpaka lijae. Mjomba wangu aliendesha mojawapo kati ya Mombasa na Taveta. Nilijua mlio wake kabla sijajua kusoma.

Sifa nyingine ya gari hili ni kwamba linaeleweka. Langu lina injini ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 1,971, kabureta moja, hedi ya aluminiamu, na sleevu zinazozungukwa na maji ambazo hutolewa mojamoja bila kuchonga bloku. Nyuma kuna ekseli nzima juu ya springi nne za koili, mbili kila upande, ndiyo maana lilibeba mizigo ile bila kulalamika. Ukiwa na spana, bisibisi, taa ya kupimia umeme na subira, hakuna sehemu yake iliyofichwa. Hilo ndilo linalolifanya lirekebishike, na ndilo pia lililowapa watu ujasiri wa kulichezea.

Lilipofika kwangu lilikuwa na maradhi manne. Lilichemsha kwenye foleni ya Makupa. Lilizima likishapata moto, kisha likakubali kuwaka baada ya kupumzishwa. Breki zilivuta kushoto. Na usiku taa zake zilimsaidia anayekuja kuliona gari, lakini mimi mwenyewe barabara sikuiona. Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema ng'oa injini, tia ya Toyota ya dizeli, wenye pikapu wamefanya hivyo na wanabeba mchanga hadi leo. Mwingine alitaka feni mbili za umeme. Wa tatu alitaka kabureta kubwa zaidi na balbu za LED. Kila mmoja alikuja na dawa mkononi, na hakuna aliyeuliza ugonjwa.

Aliyeuliza alikuwa fundi mmoja mzee wa Majengo, aliyejifunzia kazi kwenye 404. Alilizunguka gari, akafungua boneti, akainama kwa muda mrefu bila kugusa kitu. Akafuata kwa kidole waya mwekundu uliotoka kwenye betri, ukapita chini ya tangi la maji ya wipa, ukaishia hewani. Kisha akanyanyuka.

"Mwanangu, gari hili halijaharibika," akasema. "Limetengenezwa mno."

Akaniwekea masharti mawili. La kwanza, hatutaongeza kitu kipya chochote mpaka kila kilichopo kifanye kazi kilivyokusudiwa. La pili, tutagusa jambo moja, tutalijaribu gari barabarani, ndipo tuguse la pili. Mafundi wengi wanazijua kanuni hizo. Wanachokosa ni mteja wa kuwavumilia, maana mteja analitaka gari lake jioni, na fundi anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo huonekana mchapakazi. Gari likipona, hajui kilichoponya. Lisipopona, ameongeza mambo matano ya kushuku.

Tulianza na joto, kwa sababu hedi ya aluminiamu ikichemshwa sana hupinda, na ikipinda gharama hubadilika jina. Swali lake la kwanza lilikuwa: linachemsha wapi? Gari linalochemsha likiwa limesimama au likitambaa kwenye foleni, kisha likapoa likishika kasi, limekosa hewa: feni haivuti, au mapezi ya rejeta yameziba kwa vumbi na wadudu. Linalokaa sawa mjini lakini likapanda joto mlimani au kwenye mwendo mrefu limekosa mzunguko wa maji: rejeta imeziba ndani, pampu imechoka, au hozi ya chini inabonyea kwa kunyonywa. Na linalochemsha kila mahali, maji yakipungua bila kuonekana tone chini na mapovu yakipanda kwenye rejeta injini ikiunguruma, hilo utazame gasketi ya hedi. Maswali hayo hayagharimu hata shilingi moja, na yangewaepusha watu wengi kununua rejeta wasizozihitaji.

Langu lilikuwa la foleni, kwa hiyo tukaenda kwenye feni. Peugeot hizi zina feni iliyobuniwa kwa akili sana. Haizunguki wakati wote pamoja na injini. Kitovu chake kina sumaku ya umeme, na maji yakifikia joto fulani swichi iliyo kwenye mfumo wa maji hupeleka umeme kwenye sumaku hiyo kupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosugua pete ya shaba. Sumaku ikishika, feni inazunguka. Maji yakipoa, inaachia, na injini haibebi mzigo wa bure. Kwenye gari langu kaboni ilikuwa imelika yote na waya wake ndio ule mwekundu ulioishia hewani. Feni ilizunguka kwa uvivu, ikisukumwa na msuguano wa beringi tu. Aliyekuja baada ya hapo, akiona gari linachemsha, aling'oa thamostati ili "maji yapite vizuri". Kwa hiyo asubuhi injini ilikimbia muda mrefu ikiwa baridi, ikila petroli zaidi na kujichakaza, na mchana kwenye foleni ikachemsha vilevile.

Mzee alisugua pete ya shaba kwa msasa laini mpaka ikang'aa. Kaboni ya gari hilo haikupatikana madukani, akachukua ya alteneta, akaichonga kwa tupa, akiijaribu kwenye kishikio chake, akiichonga tena, mpaka ikateleza bila kuyumba. Kisha akaingiza fila, kile kibapa cha kupimia mwanya, kati ya feni na kitovu, akakaza skrubu tatu kwa zamu, robo robo, mpaka mwanya ukalingana pande zote. Tuliwasha injini tukasimama kimya tukiangalia geji. Mshale ulipanda, ukapita katikati, na mara tukasikia "tak", upepo ukatupiga usoni. Baada ya dakika mshale ukashuka, "tak" nyingine, feni ikalegea. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje.

Baada ya hapo tulisafisha mfumo wa maji, yakatoka ya rangi ya kahawia kwa sababu kwa miaka mingi lilijazwa maji ya mfereji matupu. Tukaweka thamostati mpya, mfuniko wa rejeta unaoshika shinikizo, na kulanti badala ya maji matupu. Kulanti kwenye joto la Mombasa si anasa: huzuia kutu ndani ya bloku, huzuia aluminiamu kuliwa, na pamoja na mfuniko mzima hupandisha kiwango cha kuchemka. Feni mbili za umeme hazikuhitajika tena. Ubunifu wa kiwandani ulikuwa umetosha tangu mwanzo, ila kipande kidogo cha kaboni kilikosekana.

Ugonjwa wa pili ulikuwa wa kuzima. Gari lilitoka Mombasa vizuri, likapanda Mazeras, na kabla ya Mariakani likaanza kukohoa, kisha kimya. Lipumzishe, linawaka. Kila aliyelishika alifungua kabureta, na ilikuwa imefunguliwa mara nyingi hadi vichwa vya skrubu vimelika. Mzee aliiangalia akacheka: "Kabureta huchapwa kwa makosa ya koili."

Injini ya petroli inataka petroli, hewa, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Gari likizima, usifungue kitu; kwanza jua kilichokosekana. Ondoa mfuniko wa chujio la hewa, chungulia koo la kabureta, sukuma mkono wa aksereta. Petroli ikiruka kwa mshale mwembamba, mafuta yapo. Kisha, mbali na kabureta, chomeka plagi ya akiba kwenye waya wake, iguse chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ya manjano, iliyonyongea, inakuambia umeme ni dhaifu. Vipimo vyote viwili huchukua muda mfupi kuliko kupiga simu ya kumwita winchi.

Tulilipeleka makusudi mpaka likazima, tukasukuma hadi kwenye kivuli cha mwembe kando ya barabara. Petroli iliruka vizuri. Cheche ilikuwa ya manjano. Koili haikushikika kwa joto. Mita ikaonyesha kama omu moja na nusu, ambapo koili ya kufungwa moja kwa moja kwenye volti 12 za gari hili inafaa iwe na karibu omu tatu. Koili ile ilikuwa ya gari jingine, iliyoundwa ifanye kazi pamoja na rezista ya kupunguza umeme, na aliyeifunga hakuifunga rezista. Kwa hiyo ilipitisha umeme mara mbili ya inavyofaa, ikapata moto, cheche ikafifia, gari likazima. Ikipoa, gari likawaka na lawama zikaendelea kuangukia kabureta.

Baada ya koili sahihi kuthibitika kwa safari za kutosha ndipo tukaboresha. Pointi za distributa zinataka mwanya wa karibu milimita 0.4, na kadiri zinavyolika mwanya unabadilika na taimingi inahama. Tuliziondoa tukaweka moduli ndogo ya elektroniki inayokaa ndani ya distributa ileile. Gari linawaka mapema zaidi na halinitaki tena kila mara. Lakini moduli ikifa, hufa bila taarifa, na huwezi kuisugua kwa msasa ikafufuka. Kwa hiyo pointi na kondensa zake zimo ndani ya gari, pamoja na fila na bisibisi. Hicho ndicho kipimo changu cha maboresho yote: je, nikikwama Mackinnon Road usiku, naweza kurudi kwenye kile cha zamani?

Watu huniuliza pia kuhusu petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 ikawa imeondolewa. Ilikuwa baraka kwa watoto wetu, maana risasi hudhuru ubongo. Kwa magari ya zamani hofu ni siti za vali, ambazo risasi ilizilinda zisilike. Hedi ya aluminiamu kama ya 504 ina siti za chuma zilizopachikwa, na hizo huvumilia zaidi kuliko siti zilizochongwa moja kwa moja kwenye chuma cha kuyeyushwa. Usibahatishe lakini. Pima mwanya wa vali mara kwa mara na uandike. Mwanya unaoendelea kupungua unakuambia siti inazama, na una muda wa kupanga kazi kabla vali haijaungua. Mpaka sasa yangu haijasogea.

Kisha breki. Hapa ndipo barabara ya leo inapotofautiana kabisa na ile ya mjomba wangu. Kati ya Changamwe na Mariakani malori ya kontena yanafuatana, mabasi yanashindana, na Probox inapita mahali ambapo pikipiki ingesita. Mengi ya magari mapya yana breki za kompyuta zinazozuia magurudumu kuteleza. Mojawapo likisimama ghafla mbele yako, nawe una breki za 1982 zilizochoka, hesabu haikubaliani.

Breki zikivuta upande mmoja, wengi hukimbilia kubadilisha pedi za upande huo. Mara nyingi upande gari linakovuta ndio mzima, na mgonjwa ni wa pili. Langu lilivuta kushoto, mzee akaenda kulia. Akafungua hozi ya mpira inayopeleka mafuta ya breki gurudumuni, akaipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Kwa nje ilikuwa safi, imepakwa hata rangi nyeusi. Ndani mpira ulikuwa umevimba, tundu likabaki la kupitisha waya mwembamba tu. Ukikanyaga, mafuta yalichelewa kufika. Ukiachia, yalichelewa kurudi, na pedi ikaendelea kusugua diski. Hozi hiyo ilikuwa imepakwa rangi na mtu aliyetaka gari lionekane limetunzwa.

Tulibadilisha hozi zote, mipira ya masta silinda na ya magurudumu, tukasafisha pistoni zilizoshika kutu, tukatia mafuta mapya ya breki. Watu huyapuuza mafuta haya kwa sababu hayaishi haraka. Ubaya wake ni kwamba hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya pwani ina maji ya kutosha. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 155. Sasa chukua gari lililojaa watu, ulishushe kutoka Wundanyi hadi Mwatate ukikanyaga breki kila kona. Diski inawaka moto, mafuta yanachemka, yanageuka mvuke, na mvuke unabonyezeka: kanyagio linakwenda mpaka sakafuni na gari linaendelea na safari yake. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halitembei. Na mlima ushuke kwa gia ambayo ungeupandia. Madereva wa zamani walijua hivyo, na ndiyo sababu baadhi yao walizeeka.

Hakuna boresho la breki nililofanya zaidi ya hapo, ila moja la tabia: naacha nafasi kubwa mbele yangu. Probox inaijaza. Napunguza mwendo, naacha nyingine. Inajazwa. Naacha nyingine.

Taa zilinifundisha jambo ambalo kwa muda mrefu limewanufaisha wauza balbu. Betri ilionyesha volti kamili, lakini tulipopima kwenye balbu yenyewe, volti zaidi ya moja na nusu zilikuwa zimepotea njiani. Umeme wote wa taa kubwa ulipita kwenye swichi ya usukani, ukapita kwenye nyaya nyembamba za miaka arobaini zilizoungwa ungwa, ukafika umechoka. Balbu ya kawaida ikikosa sehemu moja ya kumi ya volti zake hupoteza karibu theluthi ya mwanga. Mwenye gari huona giza, hununua balbu kali zaidi, balbu kali huvuta umeme zaidi kwenye nyaya zilezile, nyaya hupata moto. Ndivyo magari yanavyoungua chini ya dashibodi.

Dawa yake ni rilei mbili, nyaya nene kutoka kwenye betri, fyuzi, na kusafisha mahali waya wa ethi unapokutana na bodi. Swichi ya zamani inabaki na kazi ndogo ya kuamrisha rilei. Balbu ni za halojeni za nguvu ya kawaida. Sikuweka LED kwenye taa kubwa, kwa sababu kioo na kiakisi cha taa hizi vilichorwa kwa ajili ya waya mdogo unaowaka mahali maalumu. Ukiweka chanzo kingine, mwanga hutawanyika, wewe unaona matawi ya miti na anayekuja haoni kitu. Nyuma lakini niliongeza taa ya tatu ya breki, juu kwenye kioo, kwa kuwa dereva wa lori hazioni taa za chini akishakukaribia. Taa hiyo ndogo pengine ndiyo boresho lililo bora kuliko yote niliyofanya, na haikuhitaji kukata waya hata mmoja wa asili.

Matairi yalikuwa na kashata nene, muuzaji akasifu. Kando ya tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mpira hukauka hata usipotembea, na tairi la zamani lenye kashata nene ni hatari zaidi kuliko lililolika kidogo, kwa sababu linakupa imani. Bahati nzuri steshen wagoni hili linavaa 185 R14, saizi iliyovaliwa na vibasi vingi vidogo, kwa hiyo hayaadimiki. Mikanda ya usalama niliweka mipya yenye kujivuta, kila mtu na wake. Zama za abiria tisa zilikwisha. Sasa wanapanda wale tu wenye mkanda.

Yapo niliyoyakataa. Injini ya dizeli niliikataa, kwa sababu ingenilazimu kubadilisha maegemeo, gia boksi, rejeta na sailensa, na mwisho ningebaki na gari ambalo hakuna kitabu kinacholieleza. Gia boksi ya gia tano ya 505 nilifikiria sana. Gari hilo ni ndugu wa damu, na gia ya tano hupunguza kelele na petroli kwenye mwendo mrefu. Huenda siku moja. Lakini haizuii ajali wala haiponyi ugonjwa, kwa hiyo inangoja zamu yake.

Ukiyapanga niliyojifunza, yanakuwa machache. Uliza dalili inatokea lini na wapi kabla hujashika spana. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Rudisha gari kwenye hali yake kabla hujalipandisha hali nyingine, kwa maana boresho linalokaa juu ya ubovu huuficha ubovu huo na kuupa muda wa kukua. Na ukianza kuboresha, anza na vinavyomlinda mtu mwingine: breki, matairi, taa. Vinavyokufurahisha mwenyewe vije baadaye.

Nimeona jambo hilihili nje ya gereji. Katika ofisi nilizofanyia kazi, kila mkuu mpya alikuta utaratibu unaosuasua akaongeza fomu juu yake, na aliyemfuata akaongeza fomu ya kukagua fomu. Hakuna aliyerudi nyuma kuuliza utaratibu wa kwanza ulikusudiwa kufanya nini na ni kipande gani kidogo kilichokatika. Watu walifanya kazi kwa bidii sana. Shida haikuwa uvivu. Shida ilikuwa matengenezo mno.

Fundi wangu hakuchukua fedha nyingi, ila alinidai daftari. Kila kilichobadilishwa kimeandikwa humo: tarehe, kilometa, kilichotolewa, kilichowekwa, sababu yake, na kwa kila waya mpya mchoro wa njia yake. Gari likiuzwa, daftari linakwenda nalo, na mnunuzi hatalazimika kutununua sisi bila kutujua. Kijana anayejifunza kazi kwake sasa anafundishwa kuandika kabla ya kufundishwa kufungua.

Kwa hiyo, wewe uliye na gari la zamani kwenye ua, la baba au la kununua, na una akiba kidogo ya kuanzia: nunua hozi za breki, mafuta ya breki, matairi, rilei mbili na daftari. Tafuta fundi anayeuliza maswali kabla ya kutaja bei, na umlipe kwa muda anaoutumia kufikiri, maana ndio kazi yenyewe. Rangi iache ingoje.